Baiskeli Nne, Gari Moja na Matuta ya Barabara ya Masaka

Mtu anayejiandaa kubeba baiskeli za familia kutoka Kampala kwenda Kabale au Fort Portal huanza na hofu ya uzito: gari litaweza? Mara nyingi litaweza. Baiskeli ya mtu mzima yenye gia ina kilo 13 hadi 16, ya mtoto yenye tairi la inchi 20 ina kama kilo 10, na hata ile nyeusi ya kubebea matoke ina kilo 20 na ushee tu ikiwa tupu. Kinachoharibu vitu njiani ni kucheza. Baiskeli iliyoachiwa nafasi ya kusogea sentimita mbili itasogea hizo sentimita mbili kwenye kila tuta, kila shimo na kila safu ya vijituta vinavyotangulia senta za biashara, na hadi Mbarara pekee ni kilomita kama 270 za mambo hayo. Pedeli inasugua fremu ya jirani mpaka rangi inaisha. Nati inalegea robo mzunguko, halafu robo nyingine. Mkanda unasagwa taratibu na ukingo wa buti. Ukiangalia kila kifungo na kujiuliza kama kitacheza, tayari umejua nusu ya kazi.

Anza na gari kabla ya kununua chochote. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu chake, kama hakikupotea, ni cha Kijapani. Tafuta mtandaoni mwongozo wa Kiingereza wa muundo huohuo na mwaka huohuo, usome namba mbili: uzito unaoruhusiwa juu ya paa, na kama gari lina chuma cha kuvutia trela, uzito unaoruhusiwa kukandamiza kile kifundo chake cha mviringo. Kwa gari dogo paa huruhusiwa kilo 50 hadi 75 hivi, na hapo karia yenyewe, yaani fremu ya kushikia baiskeli, imeshahesabiwa. Piga hesabu ya familia ya watu wanne: baiskeli mbili za kilo 14, moja ya inchi 24 yenye kilo 12, moja ya inchi 20 yenye kilo 10. Jumla ni kilo 50. Ongeza nondo mbili za paa, kilo 5, na vitanda vinne vya kushikia baiskeli, kilo 4 kila kimoja, umefika 71. Kwa paa la gari dogo hapo umegusa mwisho au umepita. Nyuma, karia nzuri ya kuning'iniza baiskeli nne ina kilo 16 hivi, kwa hiyo jumla ni 66, na vifundo vingi vya trela hubeba hiyo bila kulalamika.

Pima pia upana. Toyota Noah ya mwili mwembamba ina upana wa sentimita 169.5. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 170 hadi 185. Ukiilaza kwa upana nyuma ya gari, tairi litachungulia pembeni sentimita chache, na katika foleni ya Busega, unapotoka Kampala, hizo chache ni nyingi, maana boda hupita mahali ambapo hata mkono wako usingepita. Dawa yake ni rahisi: toa gurudumu la mbele la zile kubwa. Urefu unapungua sentimita 30 na zaidi, na gurudumu linakwenda ndani ya gari likiwa kwenye gunia.

Paa, nyuma au ndani?

Paa ndilo watu hulipenda kwa sababu picha zake zinapendeza. Kwa barabara zetu tunaliweka la mwisho. Gari la sentimita 170 likibeba baiskeli iliyosimama juu linakuwa karibu mita tatu, na dereva aliyezoea gari lake miaka mingi hulikumbuka hilo kwa kuchelewa, baada ya kusikia kishindo kwenye lango la hoteli, kibanda cha kituo cha mafuta au tawi la mwembe lililoinama juu ya njia ya kijijini. Pia mzigo ulio juu huliyumbisha gari kwenye kona za milima ya Kabale. Ikiwa paa ni lazima, pima urefu kwa futi kamba mpaka ncha ya juu kabisa, uandike namba hiyo kwenye karatasi na kuibandika mbele ya usukani wa gari. Na ukubaliane na abiria wa mbele kwamba kazi yake ni kuitaja kila mnapoingia mahali penye paa.

Nyuma kuna aina tatu za karia, na hazilingani kwa ubora. Ile inayokaa kwenye chuma cha trela ndiyo bora: uzito unaenda kwenye chasi, na baiskeli zinapakiwa kwa urefu wa kiuno. Ya pili hufungwa kwenye tairi la akiba lililo mlango wa nyuma, kama kwenye Prado na RAV4 za zamani. Kabla ya kuiamini, fungua mlango huo, shika ncha yake na uinue kwa nguvu. Mlango ukipanda na kushuka kwenye bawaba, hata kidogo, bawaba zimechoka, na baiskeli mbili juu yake zitazimaliza kabla ya Lyantonde. Ya tatu ni ya mikanda, ile inayoegemea mlango wa buti na kushikwa kwa kulabu sita. Ni ya bei nafuu na inafaa baiskeli mbili nyepesi kwenye lami. Kulabu zake zishike ukingo wa bati, kamwe zisishike kioo wala ile mbawa ya plastiki juu ya buti. Plastiki hiyo imegundishwa tu, nayo hung'oka ikiwa na baiskeli zako. Futa vumbi kabla ya kuweka miguu ya mpira ya karia, la sivyo chembe za mchanga zitafanya kazi ya msasa kwenye rangi kwa saa sita.

Mafundi wa kuchomelea wa Katwe, Kampala, hutengeneza karia nzuri kwa bei inayozungumzika, lakini wape maelekezo, usiwaachie wakisie. Omba bomba la mraba la milimita 40 kwa 40 lenye unene wa 3. La unene wa 1.5 litapinda. Kwenye kila kona inayobeba uzito pachomelewe kipande cha bati cha pembetatu, kwa sababu nyufa huanzia pale bomba mbili zinapokutana. Nati zote ziwe zile zenye pete ya plastiki ndani, ambazo mtikisiko hauzilegezi upesi. Nafasi kati ya baiskeli na baiskeli isipungue sentimita 18, na mwambie fundi aache ncha ya nyuma ipande juu kidogo. Kuna jambo moja ambalo karibu kila karia ya kuchomelea hulikosa: umbali kutoka bomba la moshi. Tairi lililoning'inia nyuma ya moshi, hata sentimita 20 nyuma yake, huiva pole pole, na pancha yake haina mwiba wa kulaumu. Lipandishe juu au lipeleke upande wa pili.

Baiskeli za ndani zina raha yake: hazipati vumbi, hazionekani na vibaka, hazifichi namba za gari. Kwenye Noah viti vya safu ya tatu hukunjwa kuelekea pembeni, ndipo baiskeli mbili za watoto husimama wima bila magurudumu ya mbele. Kata ubao wa upana wa buti, upigilie vishikio viwili vya foku, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, uifunge foku hapo kwa ekseli yake kana kwamba ni gurudumu. Foku nyingi za kawaida zina nafasi ya milimita 100 kati ya mguu na mguu. Ubao nao ufungwe kwenye zile pete za chuma za sakafuni. Hapa hatutaki mzaha: baiskeli ya kilo 14 isiyofungwa, gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa na kusimama ndani ya nusu mita, inasukuma mbele kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 280. Mbele yake kuna vichwa vya watoto. Isiyofungwa isipande.

Kuandaa baiskeli usiku wa kuamkia safari

Toa kila kisichochomelewa: chupa, pampu, taa, kengele ya kubana, kikapu, kiti cha mtoto. Vyote viingie mfuko mmoja. Kiti cha mtoto cha nyuma hasa hukamata upepo na kuilegeza karia. Viti vya kukalia vifunikwe kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, lililofungwa kwa uzi, maana sponji iliyolowa mvua hukaa na maji kwa siku mbili. Mvua nyingi huanguka Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ila upande wa Kabale haisubiri ruhusa ya kalenda.

Pedeli ndizo adui mkubwa wa baiskeli jirani. Ama zitoe, ama zifunge kwa vipande vya tyubu ya zamani. Kuzitoa unahitaji spana ya 15, na wengi hukwama kwa sababu pedeli ya kushoto ina nyuzi zilizogeuzwa. Usikariri kulia na kushoto. Simamisha spana ielekee juu, kisha vuta ncha yake kuelekea nyuma ya baiskeli. Pande zote mbili hulegea hivyo. Zikigoma, tia mafuta, subiri dakika kumi, usonge spana kwa mguu huku breki imeshikwa. Wakati wa kurudisha, paka grisi kidogo na uanze kwa vidole. Ukianza kwa spana utaharibu nyuzi za mkono wa pedeli, na mkono mpya hautaupata Kabale siku ya Jumapili.

Kugeuza usukani ili baiskeli iwe nyembamba kuna njia mbili, kulingana na umri wa baiskeli. Kwenye za kisasa, legeza zile bolti mbili za pembeni kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), kwa kawaida ya 5 au 4, uache kabisa bolti ya juu. Ile ya juu hurekebisha beringi. Ukiigusa umejiongezea kazi. Kwenye baiskeli nyeusi ya zamani ni kinyume: bolti ni moja, iko juu, iliyoshika kabari ndani ya bomba. Izungushe mara tatu, weka kipande cha ubao juu yake, ugonge kwa nyundo mara moja. Kabari inashuka, usukani unageuka. Ukiitoa bolti yote bila kugonga, kabari inabaki imeng'ang'ania na usukani haugeuki ng'o.

Mnyororo hamishia kwenye gia kubwa ya nyuma ikiwa gurudumu linabaki, ili mkono wa gia ujifiche ndani. Ukitoa gurudumu la nyuma, hamishia gia ndogo kwanza. Baiskeli ikilazwa, ilazwe upande wa kushoto, mnyororo ukiwa juu. Zenye breki za diski za mafuta, ukitoa gurudumu chomeka kadibodi ngumu kati ya vile vitofali vya breki, na uwaambie watoto wasibane breki; wakibana, vitofali vinakutana na diski hairudi. Watabana. Kwa hiyo kadibodi kwanza, onyo baadaye.

Tairi zibaki na upepo wa kawaida: PSI 35 hadi 45 kwa tairi pana la mtu mzima, 30 hivi kwa la mtoto. Wapo wanaosisitiza upunguze kwa sababu Kabale iko juu na tairi litapasuka. Kampala iko mita 1,200 hivi na Kabale karibu 2,000. Tofauti ya hewa ni kama PSI moja. Gari lililofungwa vioo juani hupandisha zaidi ya hapo. Kwa zilizo ndani, punguza PSI tano mkiegesha juani mchana kutwa, basi.

Kufunga

Pakia nzito kwanza, karibu kabisa na gari, kisha inayofuata ikitazama upande wa pili, ili usukani wa moja ukae juu ya kiti cha nyingine. Ya mtoto huwa ya mwisho. Baiskeli za watoto na za fremu iliyoshuka katikati hazina bomba la juu la kukalia kwenye karia. Wekea nondo ya kuunga kati ya shingo ya usukani na bomba la kiti. Usizitundike kwa gurudumu.

Kila mahali chuma kinapogusa chuma, weka kitu. Tyubu iliyopasuliwa ndiyo bora kuliko sponji za dukani, kwani haitelezi na fundi wa pancha atakupa bure. Kadibodi ni nzuri mpaka mvua ya kwanza.

Kwa mikanda, tumia ile bapa ya milimita 25 yenye klipu. Mkanda wa racheti wa kufungia malori una nguvu kupita kiasi. Mibonyezo miwili ya ziada hupinda rimu au hubonyeza fremu ya alumini, na fremu iliyobonyea haina fundi. Kamba ya nailoni huvutika, tena zaidi ikilowa, kwa hiyo uliyoikaza Kampala italegea mvua ikinyesha njiani. Mipira ya tyubu ambayo wachuuzi wa matoke hufungia mzigo ni kitu cha kuheshimiwa: inabana muda wote na inafyonza mtikisiko. Lakini inanyumbuka, kwa hiyo iwe ya pili. Mkanda unashika, mpira unatuliza. Funga kila baiskeli kwenye karia peke yake, kisha zote kwa pamoja, kisha zote kwenye mwili wa gari ili zisiyumbe kulia na kushoto. Magurudumu ya mbele yafungwe kwenye fremu, la sivyo yatageuka na kupiga kioo. Mkanda mrefu uliokaa wazi kwenye upepo usokote mara moja. Hautapiga kelele wala kujisaga.

Sasa shika baiskeli ya nje na uitikise kwa nguvu zako zote. Gari ndilo linalopaswa kuyumba, baiskeli itulie.

Kisha rudi nyuma hatua kumi na uangalie namba za gari na taa. Namba zilizofichwa ni kosa, na askari wa barabarani hahitaji kukutafuta, umejileta. Usiende kuchapisha namba ya pili mitaani. Hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Pandisha baiskeli juu, toa magurudumu, au zipeleke nyingine ndani mpaka namba isomeke. Taa za breki na indiketa zionekane kwa mtu aliye nyuma, pande zote mbili. Vishikio vya usukani vinavyochomoza vifungwe kitambaa chekundu, kwa ajili ya boda.

Njiani

Kituo cha kwanza cha ukaguzi kiwe ndani ya kilomita 20 hivi, kwa sababu mikanda mipya hukaa mahali pake mwanzoni na kulegea. Kwa njia ya Masaka, Nsangi panafaa. Kwa njia ya Jinja, Mukono. Baada ya hapo kagua kila mnaposimama kwa sababu nyingine: Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, Masaka, Lyantonde. Vuta kila mkanda, gusa kila nati, pitisha mkono nyuma ya tairi lililo karibu na moshi uone kama ni la moto. Dakika tatu. Mkinunua nyama Lukaya au kuku Namawojjolo, mtu mmoja abaki nyuma ya gari. Wachuuzi ni wengi, na kiti cha baiskeli kinachofunguka kwa mkono huondoka kwa sekunde nne. Pitisha waya wa kufuli kwenye fremu zote na karia.

Matuta yapandwe polepole kuliko ulivyozoea, na hasa yashukwe polepole, maana karia ya nyuma iko mbali na ekseli na inatikisika kuliko viti vyenu. Kwenye lami safi kilomita 80 kwa saa zinatosha. Kwenye murramu yenye mikunjo shuka hadi 30 au 40. Mtaro wa mbele ya nyumba ya wageni na ngazi ya kivuko cha Bukakata kwenda Ssese ni mtego mmoja: gari likipanda, mkia unashuka, na magurudumu ya chini hugusa ardhi. Shusha mtu atazame, au ingia kwa mshazari penye nafasi.

Vipuri vichaguliwe kwa kujua senta zina nini. Tyubu ya 28 kwa 1½, ya 26 na ya 20 utazipata karibu kila senta yenye fundi. Ya 27.5 na ya 29 usitegemee. Beba mbili za kila aina. Kwa dharura tyubu ya 26 huingia kwenye 27.5, na ya 27.5 kwenye 29. Kagua valvu: ile nene kama ya gari hujazwa kituo cha mafuta, kwa mikupuo mifupi, maana mashine yao huimaliza tyubu ya mtoto kabla hujasema basi. Ile nyembamba inahitaji pampu yako. Ile ya baiskeli nyeusi hushikilia upepo kwa kipande kidogo cha mpira ndani, ambacho huchoka bila taarifa. Bei yake ni ya mchezo, beba vitano. Ongeza viraka, gundi, msasa, alenki za 4, 5, 6 na 8, spana ya 15, kiungo cha mnyororo, mafuta, na vifungo vya plastiki. Kofia za kuendeshea zisafiri ndani, zisining'inizwe nje.

Mkifika, msiwaachie watoto wapande kabla ya ukaguzi. Usukani ulingane na gurudumu, na ukibana gurudumu kati ya magoti usigeuke peke yake. Shika breki ya mbele usukume baiskeli mbele na nyuma; ukisikia mgongano mdogo, shingo imelegea. Inua kila upande uzungushe gurudumu uone kama rimu inagusa breki. Breki za mafuta zilizosafiri kichwa chini huweza kuwa laini. Zibane mara kumi, zikikataa kurudi baiskeli hiyo ibaki. Mzunguko wa kwanza uwe uwanjani, mteremko wa Ziwa Bunyonyi usubiri.

Kabla ya kurudi, vumbi jekundu litoke kwenye mnyororo kwa brashi na kitambaa, kisha mafuta tone moja kila kiungo na kufuta yanayozidi. Vijana wa kuosha magari wasielekeze mashine yao ya maji kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, wala penye mikono ya pedeli: maji ya nguvu hiyo hupita sili, hutoa grisi, na beringi huanza kusaga wiki mbili baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kuoshwa. Karia nayo ikaguliwe kwenye kila mchomeleo. Mstari wa kutu mwembamba kama unywele unaopita kwenye rangi ni ufa, na karia hiyo irudi Katwe kabla haijabeba tena.